Shemeji ametuundia kibaridi cha nyumba, nami naogopa kukiwasha

Kwako mshauri,

Habari ya kazi. Ninaishi Nyamasaria, hapa Kisumu, katika nyumba yetu wenyewe ambayo tumeijenga pole pole: vyumba viwili na sebule, kuta za matofali, mabati juu, dari bado. Kuanzia saa saba mchana humo ndani hakukaliki. Usiku tunataka kuacha madirisha wazi lakini mbu na wezi hawaturuhusu. Mtoto wetu ana miezi saba, shingo imejaa vipele vya joto, analia hadi usiku wa manane.

Shida yangu si joto peke yake. Mume wangu ameapa kwamba pesa yake haitanunua kitu cha nje ikiwa kuna Mkenya anayeweza kukiunda. Na huyo Mkenya, kwa bahati nzuri au mbaya, ni mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma pale soko la Kibuye. Jembe letu, panga, nyundo, karai, jiko na hata stendi ya vyombo vimetoka kwa shemeji. Sitakuwa mnafiki: ile panga ni kali ajabu, majirani wanaiazima kila msimu wa kufyeka. Lakini nyundo kingo za kichwa zimetawanyika kama uyoga, na juzi kipande kiliruka kikamgonga mume wangu hapa karibu na jicho. Niliposema, nikajibiwa kwamba hata za dukani huvunjika.

Sasa shemeji ametuundia kibaridi. Ni sanduku la mabati linalofika kiunoni, pande tatu lina wavu uliojazwa makaa, pampu ndogo inayapandisha maji juu na kuyamwagia makaa, na ndani kuna feni iliyotolewa kwenye mashine kuukuu. Bei yake shilingi 22,000, na mume wangu ameshatuma 8,000 kwa M-Pesa "anunue vifaa". Nilikwenda kukiona kibandani kwake alasiri moja. Nilisimama mbele yake nikapulizwa hewa baridi, nikaburudika kweli. Halafu nikaangalia plagi: ya miguu miwili, na shemeji amedunga kalamu kwenye tundu la juu la soketi ndiyo iingie. Waya zimeungwa na kufungwa kwa kipande cha nailoni. Chini maji yanadondoka.

Nikapendekeza tununue feni ya dukani. Mume wangu akaniambia ninataka kulisha watu wa Uchina na ndugu yake analala njaa. Maneno yamefika kwa mama mkwe, na Jumapili iliyopita alinisalimia kwa ubaridi ambao hata hilo sanduku haliwezi kutoa.

Nifanyeje? Nikikataa nimemkataa shemeji. Nikikubali nitalala jicho moja wazi. Na je, kweli hakuna kitu cha hapa nchini ambacho kinaweza kupoza nyumba?

Mke wa Kaka Mkubwa, Kisumu


Dada yangu,

Tuanze na ile kalamu, maana yote mengine yanaweza kungoja. Tundu la juu la soketi ni la waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano. Stima ya nyumba zetu ni volti 240. Ndani ya sanduku la chuma, waya wa moto ukichomoka ukagusa bati, waya wa ardhini ndio unaouteremsha mkondo huo na kukata fyuzi papo hapo. Bila huo waya hakuna kinachokatika. Sanduku linabaki na stima kimya kimya, feni inaendelea kuzunguka vizuri, hadi mtu alishike. Weka hapo sakafu yenye maji na mtoto wa miezi saba ambaye mwezi ujao au unaofuata atakuwa anatambaa. Kwa hiyo kibaridi hicho kisiingie nyumbani kwako jinsi kilivyo, hata kwa bure, hata mama mkwe akikileta mwenyewe.

Utaambiwa kwamba hilo linarekebishika, na ni kweli. Plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi, waya mzima usiounganishwa njiani, waya wa ardhini uliokazwa kwa skrubu kwenye bati lililokwanguliwa rangi, na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, aje apime kama ardhi ya nyumba yenyewe inafanya kazi. Fundi wa kuchomelea, hata awe hodari vipi, si fundi wa stima. Lakini kabla hujatoa pesa ya marekebisho nikueleze kwa nini bado nisingekinunua.

Uliburudika pale kibandani kwa sababu ulikuwa kibandani. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto la hewa inayopita, na hiyo ndiyo kazi ya yale makaa yaliyolowa. Shemeji wako hakukosea, ni maarifa ya zamani, na wakulima hujenga vibanda vya makaa kwa njia hiyo hiyo kuhifadhi sukuma wiki na nyanya. Ila hewa iwe kavu ndiyo mvuke utoke kwa wingi. Kibanda cha Kibuye hakina ukuta na alasiri hewa huwa kavu kiasi. Chumba cha kulala usiku, mlango umefungwa kwa hofu ya wezi, hewa ni ile ile inayozunguka. Saa ya kwanza mtafurahia. Baadaye chumba kimejaa unyevu, makaa hayakaushwi tena na upepo, na mnapulizwa hewa nzito inayonata mwilini. Vipele vya mtoto havitapona katika hewa ya namna hiyo. Kwa mtu wa Lodwar au Garissa, ambako hewa ni kavu, ningekuwa na maneno mengine.

Halafu kuna maji yenyewe. Kanda ya ziwa ndiyo inayoongoza kwa malaria nchini, na wewe uweke karai la maji yaliyotuama kando ya kitanda? Mtu akisahau kuyamwaga kwa wiki moja, mbu watakuwa wanazaliwa ndani kwa ndani.

Sasa nikuulize: joto la nyumba yako linatoka wapi? Siku yenye jua, saa nane, panda kwenye kiti, inua kiganja karibu na mabati bila kuyagusa. Kisha shuka ukae sakafuni. Utajua bila kufundishwa na mtu. Bati linalopigwa na jua linageuka jiko, na nyumba isiyo na dari imeketi chini ya jiko hilo mchana kutwa. Kuta za matofali nazo zinalinywa joto hilo na kulirudisha usiku, ndiyo maana mtoto halali hata jua likishazama. Chombo chochote mtakachoweka chini, kiwe cha Kibuye au cha Uchina, kitakuwa kinashindana na paa.

Na hapa ndipo mume wako ana haki kuliko anavyojua. Kinachopoza nyumba kama yako kinaundwa hapa hapa Kisumu, karibu chote, na sehemu kubwa ni kazi ya mdogo wake.

Kwanza dari. Kama siling bodi ni ghali kwa sasa, kuna mikeka ya mafunjo. Watu wa Dunga na ufuo wote huu wanaifuma tangu zamani. Inafungwa kwenye fremu chini ya mabati, ikiacha nafasi ya hewa katikati. Nafasi hiyo ndiyo kazi yenyewe: joto la bati linabaki huko juu. Fremu hiyo ni ya vyuma vyembamba vya mraba, na nani ataichomelea? Tahadhari moja: mafunjo yanashika moto haraka, kwa hiyo jikoni yasitumike kabisa, na waya za stima zinazopita juu ya dari ziwe ndani ya paipu.

Joto lililofungiwa juu ya dari lazima lipewe pa kutokea. Toboa matundu mawili, moja kila upande wa pembe tatu ya ukuta iliyo chini ya paa, yaangaliane ili upepo upite. Shemeji aunde fremu zenye vibao vya bati vilivyolala mshazari, mvua isiingie, na wavu mwembamba nyuma yake kwa ajili ya mbu na popo. Kisha aje kwenye madirisha. Umesema mnayafunga kwa sababu ya mbu na wezi. Grili imara kwa nje, fremu ya wavu wa mbu kwa ndani, na madirisha yalale wazi. Hii ndiyo kazi ambayo ningempa kwanza, hata kabla ya dari, kwa maana mtaona tofauti usiku huo huo. Alasiri upepo hutoka ziwani, kwenu Nyamasaria ni upande wa magharibi. Usiku hugeuka, ukashuka kutoka upande wa milima ya Nandi. Dirisha moja kila upande linatosha, mradi milango ya ndani isiuzuie.

Baadaye, pesa ikipatikana, pakeni mabati rangi nyeupe kwa nje. Jua linarudishwa kabla halijaingia. Nyekundu na kijani kibichi zinapendeza, lakini zinanywa joto.

Yakishafanyika hayo, feni inatosha. Na feni, dada yangu, nunueni dukani, na mume wako asione haya. Mota ya feni ni kitu ambacho ubovu wake hauonekani kwa macho. Panga ukiishika utajua, mota utaijua siku imeungua. Ukiwa dukani usidanganywe na bendera iliyochapishwa kwenye boksi wala jina la kampuni lenye sauti ya nyumbani. Kuna kampuni za hapa zinazoagiza feni nje na kuzibandika majina yao. Hata nambari ya msimbo mistari inayoanza na 616 inaonyesha tu kwamba kampuni imesajiliwa Kenya, haisemi bidhaa imeundwa wapi. Kinachosema ni alama za KEBS, shirika la viwango la Kenya. Bidhaa iliyotengenezwa hapa hubeba alama ya ubora yenye nambari ya kibali, nayo unaweza kuihakiki: andika SM, alama ya #, kisha nambari hiyo, utume kwa 20023. Iliyotoka nje hubandikwa stika ya ISM. Mume wako akizisoma hizo dukani atagundua kwamba feni nyingi zilizopangwa pale, kwa majina yote, ni za nje. Basi achague iliyo na stika halali, risiti na waranti, na uzalendo wake auweke kwenye dari na madirisha.

Feni ya kusimama hula kati ya wati 45 na 60. Ukiiwasha kwa muda wa saa kumi usiku imekula karibu nusu uniti au zaidi kidogo. Bei ya stima ya nyumbani ina ngazi, na anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipa kidogo kwa kila uniti kuliko anayepita 100, kwa hiyo uchache huo una maana. Hiyo feni ya shemeji iliyotolewa kwenye mashine inakula ngapi? Tafuta kibao cha mota. Kama hakuna kibao hakuna anayejua, ila mita ya tokeni itasema: zima vitu vyote, soma uniti zilizobaki, iwashe saa nzima, soma tena. Feni ya dari nzuri pia, lakini mkishashusha dari ya mikeka mapanga yake yasiwe chini ya futi saba kutoka sakafuni, na nyumba nyingi hazitaruhusu. Iweke ya kusimama mwisho wa kitanda ipulize kupitia neti. Usiitoe neti ya mtoto ati inazuia upepo.

Ukitaka maji baridi ya kunywa, yapo bila stima: nunua chungu cha udongo, kile cha Kijaluo kinachotoa jasho, kisichopakwa rangi ya mafuta. Rangi huziba vitundu vidogo na chungu hakitoi jasho tena. Kiweke penye upepo juu ya mchanga uliolowa kidogo, na kifunikwe. Mama mkwe atalijua jambo hili kuliko mimi na wewe, na ungekuwa mwerevu ukimwomba yeye akuchagulie.

Kuhusu nyundo. Panga ya shemeji ni nzuri, nami niko tayari kukisia ni ya springi ya lori. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha, kikichomwa hadi kiwe chekundu na kuzimishwa kwenye mafuta kinakuwa kigumu, kinashika makali. Patasi, shoka na sururu za springi unaweza kuzinunua Kibuye ukiwa na amani. Nyundo yenu, nadhani, ilikatwa kwenye chuma laini cha ujenzi. Chuma hicho hakiwi kigumu hata ukikizimisha mara ngapi, kwa hiyo kila pigo linatawanya kingo, na kingo hizo ndizo zinazokatika na kuruka. Unaweza kupima mwenyewe: pitisha tupa juu ya chuma. Kwenye kigumu tupa huteleza, kwenye laini huuma na kuacha unga. Jembe nalo ligonge kwa jiwe dogo ukisikiliza. Mlio mwororo unaoendelea ni mzuri, mlio uliokufa maana yake kuna ufa mahali, mara nyingi pale jicho la mpini lilipochomelewa. Pitisha kidole kwenye ule mshono: ukiwa na vitundu vitundu, mwambie arudie. Fundi mzuri haudhiki kwa hilo. Hiyo nyundo iacheni kutumika leo hii. Irudi kwa shemeji, aambiwe kilichotokea karibu na jicho la kaka yake, naye aunde nyingine ya chuma cha springi au aseme wazi kwamba nyundo si kazi yake.

Sasa namna ya kusema, kwa maana najua ndicho ulichokuja kuuliza. Usiende kwa shemeji wewe, na usiende kwa mama mkwe kueleza mambo ya waya wa ardhini. Mwanzo ni mume wako, peke yenu, mtoto akiwa amelala. Usimwambie kazi ya ndugu yako ni mbovu. Mwambie: "Baba watoto, ile 8,000 tusiidai. Iwe malipo ya kwanza ya grili na fremu za wavu, na dari ifuate mwezi ujao. Kibaridi akiuze kwa mwenye hoteli ya wazi, kule kitafaa, akishakitilia waya wa ardhini." Kwa hesabu hiyo shemeji anapata kazi kubwa zaidi ya sanduku moja, na ni kazi anayoijua. Mwanamume anayependa ndugu yake atalisikia hilo kuliko atakavyosikia habari za kalamu kwenye soketi, ingawa ya kalamu pia lazima umwambie, na umpeleke akaione kwa macho yake.

Akikubali, mapatano yaandikwe. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: vipimo vya kila dirisha, unene wa vyuma, bei, siku ya kumaliza, na kwamba mshono ukiachia ndani ya miezi sita ataurudia bila malipo. Pesa ziende kwa M-Pesa, zisipitie mkononi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mnunuzi akimjulisha muuzaji kitu anakitakia kazi gani na kuutegemea ujuzi wake, kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo, na haibagui duka kubwa na fundi wa jua kali. Sikutumi kortini na shemeji yako, Mungu apishe mbali. Maandishi ni ya kuwazuia nyote watatu kufika mahali pa kusema "mimi sikusema hivyo".

Mkianza, anzeni na chumba anacholala mtoto, dirisha kisha dari, kabla ya kugusa sebule. Na msisogeze kazi ya paa mbele sana: Januari na Februari jua la Kisumu huwa kali kabisa, na kuanzia Machi mvua ya masika itawakuta matundu ya ukutani bado hayajapata vibao vyake.